Maisha ya Bibi Ida Tarbell

Muhula uliopita Chama cha Majadiliano cha shule yetu kilijadili hoja isemayo kwamba serikali isiingilie mambo ya biashara, bali kila mfanyabiashara aachwe ashindane na wenzake kwa nguvu zake mwenyewe. Mimi niliwekwa upande wa kupinga, nami nilifurahi sana, kwa sababu nilikuwa na jambo moyoni. Baba yangu alikuwa na mashine ndogo ya kukamua mafuta ya alizeti. Kwa miaka sita mashine ile ilitulisha, ikatununulia sare na madaftari. Kisha mfanyabiashara mmoja mkubwa wa kwetu akapatana na wenye malori kwamba mafuta yake yachukuliwe kwa bei nafuu, na mafuta ya watu wadogo kama baba yachukuliwe kwa bei ya juu. Baba hakushindwa kukamua mafuta. Alishindwa kuyafikisha sokoni. Mwisho mashine iliuzwa, na aliyeinunua ni yule yule.

Basi siku ya mjadala nilisimama nikasema kwa hasira nyingi. Sauti ilipanda, jasho likanitoka, na upande wetu ukashindwa vibaya sana. Baadaye mwalimu wetu wa Historia aliniita, akaniuliza kama nimepata kusikia habari za Bibi Ida Tarbell wa Marekani. Nilimjibu kwamba sijapata. Akaniazima kitabu kinene, nikakisoma likizo nzima kamusi ikiwa kando yangu. Mhariri wa gazeti letu aliposikia, aliniomba niwaandikie wenzangu habari za bibi huyo. Nimekubali, ingawa mengine itanibidi niyaruke.

Ida Tarbell alizaliwa tarehe 5 Novemba 1857 katika jimbo la Pennsylvania, ndani ya nyumba ya magogo ya babu yake mzaa mama. Baba yake, Bwana Franklin Tarbell, alikuwa fundi seremala ambaye pia alijua kufundisha shule. Siku Ida alipozaliwa baba huyo hakuwapo. Alikuwa mbali katika nchi ya Iowa akitafuta shamba apate kuwahamishia huko mke na mtoto. Lakini mwaka ule mabenki mengi ya Marekani yalifunga milango, fedha yake ikapotea, na ikambidi arudi kwa miguu, akisimama hapa na pale kufundisha ili apate chakula cha njiani. Alipofika nyumbani mtoto alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu.

Mwaka huo aliorudi, yaani 1859, tarehe 27 Agosti, mtu mmoja aitwaye Edwin Drake alichimba kisima karibu na mji wa Titusville, akayapata mafuta kwenye kina cha futi 69 na nusu. Siku zile watu waliwasha taa zao kwa mafuta ya nyangumi au kwa mishumaa. Mafuta ya ardhini yalipopatikana, watu walimiminika pale kama siafu. Walichimba kila mahali, na mafuta yakatoka mengi kuliko vyombo vya kuyawekea. Bwana Tarbell alipoona mafuta yanamwagika na kupotea alitumia ufundi wake: akaanza kuunda matangi makubwa ya mbao. Kazi ikamwendea vizuri, akaihamisha jamaa yake mpaka mahali paitwapo Rouseville, katikati ya visima, penye matope na harufu ya mafuta usiku na mchana. Hapo ndipo Ida alipokulia.

Karibu na hapo palikuwa na mji ulioitwa Pithole. Mafuta yalionekana huko mwanzoni mwa mwaka 1865, na kabla mwaka haujaisha mji ulikuwa na maelfu ya watu, mahoteli, benki na ukumbi wa michezo. Visima vikakauka, watu wakaondoka haraka kama walivyokuja. Hoteli moja nzuri, Bonta House, iliyokuwa imegharimu dola 60,000 kuijenga, Bwana Tarbell aliinunua kwa dola 600 tu. Akaivunja, akazichukua mbao, milango na madirisha yake mpaka Titusville, akajenga nyumba. Walihamia huko mwaka 1870. Nawaomba wasomaji waikumbuke nyumba hiyo.

Sasa sina budi kumtaja mtu mwingine. Katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, alikuwako Bwana John D. Rockefeller, aliyezaliwa mwaka 1839. Alikuwa mtu wa kanisa, asiyekunywa pombe, asiyepoteza hata senti moja. Kazi yake ilikuwa kuyasafisha mafuta ghafi yawe mafuta ya taa. Tarehe 10 Januari 1870 yeye na wenzake waliandikisha kampuni yao, Standard Oil, yenye mtaji wa dola milioni moja. Habari moja yake hunichekesha kila niikumbukapo. Alipokuwa akikagua kiwanda chake aliona mafundi wanaziba kila debe la mafuta la kupelekwa ng'ambo kwa matone 40 ya risasi. Akawaambia wajaribu 38. Madebe mengine yakavuja. Wakajaribu 39, hakuna lililovuja, na tangu siku hiyo ikawa 39. Tone moja tu, lakini kwa mwaka lilimwokolea maelfu ya dola. Mtu wa namna hiyo angetajirika hata bila hila. Nami nadhani jambo hilo ndilo linalofanya habari yake iwe ya kusikitisha.

Asubuhi ya tarehe 26 Februari 1872 watu wa Titusville walifungua magazeti yao wakakuta nauli za reli zimepanda mno, nyingine karibu mara mbili. Siri ikatoka. Baadhi ya wasafishaji mafuta, Bwana Rockefeller akiwa mmoja wao, walikuwa wamefanya shirika liitwalo South Improvement Company, nalo lilikuwa limepatana kwa siri na makampuni matatu makubwa ya reli. Mapatano yenyewe yalikuwa hivi. Pipa moja la mafuta ghafi kutoka visimani hadi New York lingetozwa dola 2.56. Aliyemo katika shirika angerudishiwa dola 1.06, kwa hiyo angelipa kwa kweli dola 1.50 tu. Asiyekuwemo angelipa dola 2.56 kamili. Mpaka hapo ni upendeleo, na upendeleo tumeuzoea. Lakini kulikuwa na jambo la pili: kwa kila pipa la mtu asiyekuwemo, reli zingelipatia shirika dola 1.06 katika zile alizolipa yeye. Yaani mtu alimlipa mshindani wake amwangamize, na kadiri alivyofanya kazi kwa bidii ndivyo alivyomlipa zaidi. Tena reli ziliahidi kuwaonyesha wenye shirika hati za mizigo za kila mtu, wapate kujua nani amepeleka nini, kiasi gani, na kwa nani.

Niliposoma hesabu hiyo nilifunga kitabu kwa muda. Nilikuwa nikidhani kwamba jambo lililompata baba yangu lilibuniwa na tajiri wa kwetu. Kumbe ni la zamani, na lina hesabu zake.

Watu wa visima waliwaka hasira. Watu wapatao elfu tatu walikusanyika katika ukumbi mkubwa wa Titusville, wakaapa kutowauzia mafuta wenye shirika lile. Bwana Tarbell alikuwa mmoja wa walioapa, na baadaye alikataa bei nzuri aliyoletewa kwa sababu ya kiapo hicho. Kabla mwezi wa Aprili haujaisha Bunge la Pennsylvania lilikuwa limeifuta hati ya shirika hilo, na mpango wote ukafa. Watu wakashangilia kwamba wameshinda.

Lakini wakati wao wakipiga kelele, Bwana Rockefeller alikuwa amewaendea wasafishaji wenzake wa Cleveland mmoja baada ya mwingine, kwa adabu na upole, akiwaeleza kwamba hawana namna ya kuendelea, na kwamba heri wamwuzie au waingie kwake wachukue hisa. Kati ya viwanda 26 vya mji ule, zaidi ya 20 vilikwisha kuwa vyake katika miezi michache. Mpango ulikufa, lakini hofu yake ilikuwa imekwisha kufanya kazi. Mapatano ya siri na reli nayo yalirudi baadaye kwa majina mengine, na ilipofika mwaka 1880 hivi, kampuni yake ilikuwa inasafisha karibu sehemu tisa katika kila kumi za mafuta yote ya Marekani.

Ida alikuwa na miaka 14. Aliona baba yake, ambaye jioni alizoea kuimba na kuwasimulia watoto mambo ya kutwa, sasa anarudi kimya na uso umekaza. Mwenzi wa baba yake katika biashara alijiua kwa bunduki kwa sababu ya hasara, madeni yakamwangukia Bwana Tarbell peke yake, naye akaiweka rehani nyumba ile ya mbao za Pithole. Ida hakuyasahau mambo haya mpaka kufa kwake.

Mwaka 1876 aliingia Chuo cha Allegheny katika mji wa Meadville. Katika darasa la mwaka wake alikuwa mwanamke peke yake. Alilopenda kuliko yote ni elimu ya viumbe, na kifaa alichokipenda ni hadubini. Alijizoeza kutosema kitu mpaka amekitazama mwenyewe kwa jicho lake. Alimaliza mwaka 1880, akafundisha shule miaka miwili huko Ohio kwa mshahara mdogo na masomo mengi mno (walimu wetu watamwonea huruma), kisha akaingia kazi ya gazeti liitwalo The Chautauquan, alikojifunza kusahihisha na kupanga kurasa. Hakuolewa kamwe, tangu utoto alikuwa amekata shauri hivyo.

Mwaka 1891, akiwa na miaka 33, aliacha kazi hiyo akaenda Paris na fedha kidogo tu, akapanga chumba na rafiki zake, akaishi kwa kuandika barua za habari kwa magazeti ya kwao. Huko ndiko Bwana S. S. McClure, mwenye gazeti jipya, alipomfuata. Alipanda ngazi mbio mpaka juu, akasema ana dakika kumi tu, akakaa saa kadhaa, na alipoondoka alimkopa bibi huyo dola 40 ambazo alikuwa amejiwekea kwa ajili ya likizo. Bibi Tarbell alidhani hataziona tena. Zilirudi. Mwaka 1894 akajiunga na gazeti hilo la McClure's, akaandika maisha ya Napoleon, halafu ya Abraham Lincoln, na wasomaji wa gazeti wakaongezeka kwa maelfu mengi. Kwa ajili ya habari za Lincoln alisafiri kutafuta wazee waliomjua na karatasi ambazo hakuna aliyekuwa amezitazama.

Sasa tufike kwenye kazi iliyomfanya ajulikane. Mwanzoni mwa karne ya 20 makampuni ya Marekani yalikuwa yakiungana sana, ya sukari, ya chuma, ya tumbaku, na watu walikuwa wakiyaogopa bila kuelewa yanavyofanya kazi. Wenyewe wa gazeti waliona afadhali wachukue kampuni moja tu waieleze tangu mwanzo hadi mwisho. Wakachagua Standard Oil, na Bibi Tarbell akapewa kazi. Baba yake, aliyekuwa mzee sasa, alimsihi asiifanye. Alimwonya kwamba watu wale wataliangamiza gazeti kama walivyowaangamiza wengine. Hakumsikiliza.

Ningekuwa mimi, ningeandika habari za baba yangu na za yule mwenzi wake aliyejiua, basi ningemaliza kwa siku mbili. Yeye alitumia miaka. Alijua kwamba kampuni ilikuwa imeshtakiwa na kuhojiwa mara nyingi tangu mwaka 1872, mbele ya Bunge la taifa na mabunge ya majimbo na mahakama, na kwamba maneno yote waliyoyasema wakubwa wake chini ya kiapo yamechapishwa yamelala katika makabati. Akaanza kuyasoma. Kitabu kidogo kimoja kilichoeleza mambo ya South Improvement Company kilisemekana kwamba nakala zake zimetafutwa na kuharibiwa. Akaipata moja katika maktaba ya New York. Huko Cleveland alimpata kijana hodari, John Siddall, akawa macho na miguu yake.

Kisha Bwana Henry Rogers, mmoja wa wakubwa wa Standard Oil, alikubali kuonana naye kwa msaada wa rafiki yake, mwandishi Mark Twain. Ikaonekana kwamba zamani Bwana Rogers alikaa Rouseville, nyumba yake ikiwa karibu na ya akina Tarbell. Wakapatana: Bibi Tarbell atamletea kila jambo analotaka kuliandika, naye atatoa maelezo ya kampuni, lakini hukumu itakuwa ya mwandishi. Kwa muda wa miaka kama miwili aliingia na kutoka katika jengo lao la barabara ya Broadway. Naona hapo palihitaji moyo. Si rahisi kunywa chai na mtu leo na kuandika makosa yake kesho.

Jambo lililouvunja urafiki huo lililetwa na mtoto wa kazi. Katika ofisi moja ya Standard Oil alikuwako kijana aliyekuwa akitumwa kila mwezi kuchoma karatasi za zamani. Usiku mmoja aliona katika karatasi hizo jina la mtu anayemjua: mwalimu wake wa shule ya Jumapili, ambaye alikuwa msafishaji mdogo wa mafuta, mshindani wa kampuni. Akatazama vizuri. Zilikuwa ni taarifa kutoka kwa makarani wa reli zikieleza mafuta ya mwalimu huyo yamepelekwa wapi, lini, na kwa nani, pamoja na maagizo ya kuyazuia yasinunuliwe. Kijana akazipeleka kwa mwalimu wake, mwalimu akazifikisha kwa Bibi Tarbell. Kabla ya kuchapisha alimwuliza Bwana Rogers kama kampuni hupeleleza mizigo ya wenzake. Alikana, akisema wanajaribu tu kupata habari kwa njia zilizo halali. Karatasi zilipotoka gazetini, pasipo jina la kijana wala la mwalimu, Bwana Rogers alighadhibika, wala hawakukaa tena kuzungumza.

Nilipofika ukurasa huo nilimwendea baba nikamwuliza kama ana stakabadhi za malori za miaka ile. Anazo. Amezitia ndani ya kopo la maziwa, na wala hajui kwa nini hakuzitupa. Nimeanza kuzinakili katika daftari, tarehe, madumu na shilingi, kila moja mstari wake. Nchi yetu ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Sijui kama karatasi za kopo zitafaa kitu mbele yao. Lakini nimegundua tayari kwamba mara mbili kumbukumbu ya baba ilizidisha bei tuliyotozwa, nami niliitaja bei hiyo kwa sauti kubwa siku ya mjadala.

Habari za Standard Oil zilitoka kwa sehemu 19, kuanzia Novemba 1902 hadi Oktoba 1904, kisha zikawa kitabu cha juzuu mbili. Ninachokiheshimu zaidi ndani yake ni sura moja inayoeleza ukubwa wa haki wa kampuni: ufundi wake, uangalifu wake, mabomba yake, jinsi isivyopoteza kitu. Bibi Tarbell hakusema kwamba ni kosa kuwa mkubwa. Alisema kwamba watu hawa walikuwa na akili ya kutosha kushinda kwa haki, nao hawakucheza kwa haki. Na kwamba reli ni njia ya wote, basi anayeifunga kwa wengine kwa siri hajashindana na mtu. Watetezi wa kampuni walisema bei ya mafuta ya taa imeshuka. Ni kweli ilishuka. Yeye alionyesha kwa hesabu kwamba mahali palipokuwa na washindani ilishuka zaidi, na washindani walipoondoka ilipanda tena.

Hata hivyo siwezi kuficha kosa lake. Mwaka 1905 aliandika makala juu ya Bwana Rockefeller mwenyewe, baada ya kwenda kumtazama kanisani Cleveland. Mzee yule alikuwa ameugua nywele zote zikamtoka, hata kope. Bibi Tarbell akauchora uso ule kana kwamba ugonjwa ni ushahidi wa roho yake. Haikumpendeza kila mtu, wala mimi haikunipendeza. Mwaka huo huo baba yake alifariki, na nadhani ile hasira ya mtoto wa miaka 14, aliyoifunga kwa kamba ya karatasi miaka mingi, ilifunguka kidogo hapo.

Sheria yenyewe ilikuwapo tangu tarehe 2 Julai 1890, nayo huitwa kwa jina la Seneta John Sherman wa Ohio. Ni fupi sana. Inakataza mapatano yoyote ya kuzuia biashara kati ya majimbo, na inamtia hatiani anayejipatia ukiritimba au kujaribu kuupata. Adhabu yake ilikuwa faini isiyozidi dola 5,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kwa miaka kumi na zaidi ilikuwa kama mbwa asiye na meno. Mwaka 1895 serikali ilishindwa kesi juu ya kampuni ya sukari iliyoshika karibu usafishaji wote wa nchi, kwa sababu majaji waliona kwamba kutengeneza sukari si kufanya biashara! Nayo Standard Oil, ilipoamriwa na mahakama ya Ohio mwaka 1892 kuvunja muungano wake, ilihamia New Jersey, ambako sheria iliiruhusu kampuni moja kushika hisa za nyingine.

Rais Theodore Roosevelt, ndiye yule aliyekuja kuwinda kwetu Afrika Mashariki mwaka 1909, aliitia sheria meno. Lakini hakuwapenda sana waandishi wa namna ya Bibi Tarbell. Mwaka 1906 aliwafananisha na mtu anayeinama kuchakura takataka asitazame juu, na bibi huyo alichukizwa. Hata hivyo mwaka ule ule serikali ilithibitisha kwa uchunguzi wake kwamba reli zilikuwa zikiipendelea Standard Oil, na mwezi wa Novemba ikaishtaki. Maandishi ya kesi yalifika juzuu 23, kurasa kama 12,000. Tarehe 15 Mei 1911 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, chini ya Jaji Mkuu Edward White, ilitoa hukumu: kampuni ivunjwe. Ikavunjwa, zikawa kampuni 34. Jaji Mkuu alieleza kwamba sheria haikatazi kila mapatano, bali yale yanayozuia biashara kupita kiasi cha haki, na wanasheria wanabishana juu ya kipimo hicho mpaka leo. Mwaka 1914 zikaongezwa sheria nyingine, na ikaundwa tume ya kuangalia biashara za nchi nzima.

Atakayedhani kwamba Bwana Rockefeller alifukarika amekosea. Alikuwa na hisa katika kampuni zote 34, na bei ya hisa hizo ikapanda kwa kasi, hata akawa tajiri kuliko kabla ya kushindwa. Aliishi mpaka mwaka 1937, akafa ana miaka 97, baada ya kutoa mali nyingi sana kwa vyuo na hospitali. Fedha za mfuko wake zilifika hata Uganda: taasisi ya kuchunguza homa ya manjano iliyofunguliwa Entebbe mwaka 1936 ilianzishwa na mfuko huo, na inafanya kazi hadi leo kwa jina jingine. Mwalimu aliniuliza kama jambo hilo linabadili hukumu yangu. Sijamjibu.

Bibi Tarbell mwenyewe hakuwa na makuu baada ya hapo. Mwaka 1906 alinunua shamba Connecticut, akafuga, akapanda, akaendelea kuandika. Jambo moja litawashangaza dada zetu: mwanamke huyu aliyefanya kazi ambayo wanaume waliiogopa hakuwaunga mkono wanawake waliodai kura, na wengi hawakumsamehe. Alipozeeka mkono wake ulitetemeka, lakini mwaka 1939, akiwa na miaka 81, alitoa kitabu cha maisha yake. Alikufa kwa homa ya mapafu tarehe 6 Januari 1944, akiwa na miaka 86, akazikwa Titusville.

Mji ule sasa hauna kelele za visima. Baadhi ya zile kampuni 34 zimeungana tena. Mbili kubwa kati yao, ya New Jersey na ya New York, zilirudi kuwa moja mwaka 1999 kwa jina la ExxonMobil. Nyumba aliyoijenga Bwana Tarbell kwa mbao za hoteli ya Pithole, kisha akaiweka rehani kwa deni la marehemu mwenzake, bado ipo barabarani pale pale, imetengenezwa upya, na watu huingia kuitazama.